Jicho Lililogeuzwa: Historia ya Kusahihisha Uelekeo wa Macho katika Picha za Sura

Katika Kiswahili jicho halitulii. Hutupwa, hukazwa, hukatwa, hukodolewa, huinuliwa, huinamishwa. Na katika vitenzi vyote hivi jicho ni yambwa, wala si kiima. Mtendaji ni mtu mwenyewe. Ni yeye aliyeinamisha macho mbele ya mkwewe, ni yeye aliyemkata mwenzake jicho pale sokoni. Sarufi hii ndogo yafaa kukumbukwa na kila achunguzaye historia ya picha za sura, kwa sababu tangu karne mbili hivi yuko mtendaji wa pili ambaye vitenzi hivyo havikumtazamia, yaani fundi anayeligeuza jicho la mtu mwingine baada ya mtu huyo kwisha kuondoka. Fundi huyo alianza na brashi, akaja kushika kisu na penseli, na leo hii ameketi mbele ya kompyuta. Makala haya yanaifuata kazi yake tangu mwaka 1824, na yanauliza ni kitu gani hasa hubadilika anaposema kwamba amesahihisha macho tu.

Istilahi moja ielezwe kwanza. Neno mboni kwa asili hutaja kitundu cheusi kilicho katikati ya jicho. Hapa litatumika kwa kitundu hicho pamoja na duara la rangi linalokizunguka, maana viwili hivyo husogea pamoja, na mafundi wa picha huvishughulikia kama kitu kimoja.

Swali la Wollaston

William Hyde Wollaston (1766-1828) alikuwa mkemia wa Uingereza, ambaye jina lake hutajwa zaidi kwa ajili ya madini mawili aliyoyagundua, paladiamu na rodiamu. Mwaka 1824 alichapisha katika jarida la Royal Society ya London makala juu ya uelekeo wa macho katika picha za kuchorwa. Michoro iliyoambatana na makala hayo ilitoka mkononi mwa Sir Thomas Lawrence, aliyekuwa wakati ule rais wa Royal Academy na mchoraji mashuhuri wa wafalme na mabwana wa Ulaya. Ni nadra sana kuona mkemia na mchoraji wa hadhi kama hiyo wakishughulikia pamoja jambo linaloonekana kuwa dogo hivyo.

Dhana ya kawaida ilikuwa nyepesi: ukitaka mtu aliyechorwa atazame kushoto, sogeza mboni zake kushoto, na kazi imekwisha. Wollaston alionyesha kwamba dhana hiyo haitoshi. Alichukua macho yaliyochorwa na Lawrence, akayaacha yalivyo, bila kugusa mstari hata mmoja, kisha akafunika sehemu ya chini ya uso kwa kipande cha karatasi chenye pua na kinywa vilivyogeukia upande mwingine. Mara macho yaleyale yakaonekana kutazama mahali pengine kabisa. Msomaji aliweza kukifunika na kukifunua kipande hicho kwa kidole chake mwenyewe, na kila mara yule mtu wa karatasini akawa anamgeukia au anamwacha.

Maana yake ni kwamba mtazamo haukai ndani ya jicho. Hutokana na uhusiano kati ya mahali pa mboni katika weupe wa jicho na jinsi kichwa kilivyogeuka, na pua ndiyo inayomweleza mtazamaji habari za kichwa upesi kuliko kiungo kingine chochote. Mboni zilizo pembeni katika uso uliogeukia upande wa pili huweza kumtazama mtu moja kwa moja. Mboni zizo hizo katika uso ulionyooka humkwepa.

Katika makala yayo hayo Wollaston alieleza pia kwa nini macho ya picha iliyotundikwa ukutani humfuata kila apitaye. Mtu hai ukimzunguka, shavu moja hujificha na jingine hujitokeza, hata ikajulikana kwamba hakutazami tena. Picha ni bapa. Ukisogea, hakuna shavu linalojificha. Uhusiano wa pua na mboni hubaki vilevile. Basi picha inayomtazama mmoja huwatazama wote waliomo chumbani, na ile isiyomtazama mtu haitamtazama yeyote, asimame popote apendapo. Wale waliowahi kufanya kazi ofisini chini ya picha ya mkuu wa nchi walilijua jambo hili bila kulisoma.

Kuna kiungo kingine kati ya mkemia huyu na habari inayofuata. Mwaka 1806 alikuwa amepata hati ya uvumbuzi wa chombo chenye kipande cha kioo cha pembe, kiitwacho kamera lusida, kinachomwezesha mtu kuona kitu na karatasi yake kwa pamoja ili akichore. Mwaka 1833, kando ya ziwa Como nchini Italia, Mwingereza William Henry Fox Talbot alijaribu kuchora mandhari kwa chombo hicho akashindwa vibaya. Kushindwa huko kulimtia wazo la kuiacha nuru yenyewe ichore karatasini. Hivyo ndivyo chombo cha Wollaston kilivyochangia, kwa njia ya ubovu wa mkono wa mtu mmoja, kuzaliwa kwa fotografia, au foto, kama isemwavyo mitaani kwetu.

Kisu na penseli

Njia ya Louis Daguerre ilitangazwa hadharani Paris mwaka 1839. Mabamba ya kwanza yalihitaji nuru kwa muda mrefu hata mtu asingeweza kupigwa picha bila taabu. Lenzi iliyobuniwa na Joseph Petzval mwaka 1840, pamoja na dawa bora zaidi, zilipunguza muda huo, lakini bado kichwa kilishikiliwa kwa chuma nyuma ya shingo, na mtu akaelekezwa akazie macho mahali pamoja. Kupepesa kope hakukudhuru, maana kulikuwa kwa kitambo tu. Kilichodhuru ni jicho lililotangatanga: liliacha ukungu mahali ambapo mboni ingepasa kuwapo, na mtu akatokea kama kipofu.

Hitilafu ya pili ilitokana na kemia. Mabamba ya zamani yalihisi hasa nuru ya buluu, hayakuihisi ile nyekundu. Kwa hiyo mboni za buluu za Wazungu wengi zilitokea nyeupe karibu sawa na weupe wa jicho, ilhali mboni za rangi ya kahawia zilitokea dhahiri. Fundi alilazimika kuzitia wino. Huo ndio mwanzo wa kweli wa kusahihisha macho katika fotografia: hapakuwa na nia ya kugeuza mtazamo, bali ya kuurudisha pale kemia ilipoufuta. Hata hivyo mkono uliozoea kurudisha hujifunza upesi kuongeza. Baadhi ya wapiga picha walioitwa kuwapiga marehemu walichora macho wazi juu ya kope zilizofumbwa, ili jamaa wapate kutazamwa na mtu wao.

Tangu mwaka 1851, Frederick Scott Archer alipotoa njia yake ya kolodioni, picha ilianza kupatikana kwanza kama negativu juu ya kioo, kisha ikanakiliwa karatasini mara nyingi kadiri ilivyotakiwa. Marekebisho yakahamia kwenye kioo. Franz Hanfstaengl wa München ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kuyaonyesha hadharani, katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1855. Kanuni yake ni ya kinyume. Katika negativu cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Fundi akipaka penseli juu ya kioo, mahali hapo hutokea peupe zaidi karatasini, na akikwangua kwa kisu, hutokea peusi. Ili kuisogeza mboni kidogo, ilimpasa ajaze ukingo wake mmoja kwa penseli na kuukwangua mwingine.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliishia kwenye makunyanzi na madoadoa ya ngozi. Macho yaliogopwa, na hesabu yaonyesha kwa nini. Tufe la jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, na mboni yake, kwa maana iliyoelezwa hapo juu, milimita 12. Jicho likigeuka kwa nyuzi 1, mboni husogea milimita 0.2 tu. Katika kadi ndogo za sura, zilizoenea baada ya André Disdéri kupata hati yake mjini Paris mwaka 1854, uso wenye urefu wa sentimita 2 ulikuwa sehemu 1 ya 10 ya uso halisi. Kwa hiyo nyuzi 1 zilikuwa milimita 0.02, unene ambao ncha ya penseli haiwezi kuutii. Nalo jicho la mtazamaji halisamehe. Mwaka 1963 wanasaikolojia James Gibson na Anne Pick walipima uwezo wa watu kutambua kama wanatazamwa, wakakuta kwamba, kwa umbali wa meta 2, mgeuko wa jicho usiofika nyuzi 3 hutambuliwa. Fundi akikosea kwa unene wa unywele, kila mtu huona, ingawa si kila mtu aweza kueleza anachokiona.

Kuna na kosa lingine ambalo mafundi stadi walilijua na wanagenzi wakaliangukia. Katika kila jicho lililopigwa picha mna nukta ya nuru, nayo ni taswira ya dirisha au taa. Nukta hiyo haimfuati mwenye jicho, inaifuata taa. Mboni ikigeuka, nukta hukaa karibu palepale ilipokuwa. Anayeisogeza mboni pamoja na nukta yake, kana kwamba ni kitu kimoja kilichobandikwa, huwa ameihamisha taa ya studio bila kujua. Tena kope ya juu hushuka macho yanaposhuka na hupanda yanapopanda. Kugeuza mtazamo wa kando ni kusogeza kilichopo. Kuinua mtazamo ulioinama ni kufungua kope, na nyuma ya kope picha haina chochote.

Baringa, 1904

Mpaka hapa swali limekuwa la ufundi. Picha moja iliyopigwa Kongo yatosha kuonyesha kwamba haliishii hapo.

Mwezi Mei 1904, katika misheni ya Baringa kando ya mto Maringa, ambako leo ni jimbo la Tshuapa, mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwamo kiganja na wayo wa binti yake Boali, mtoto wa umri wa miaka mitano hivi. Walinzi wa ABIR, kampuni iliyopewa haki ya kukusanya mpira katika eneo hilo la Dola Huru ya Kongo, walikuwa wamekishambulia kijiji kwa sababu ya upungufu wa mpira, wakamwua mtoto pamoja na mama yake. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza wa Congo Balolo Mission, alimwomba Nsala aketi barazani, akampiga picha. Mwaka uleule Edmund Morel aliitia katika kitabu chake juu ya utawala wa Leopold, na katika miaka iliyofuata Harris na mumewe John waliionyesha kwa taa ya kumulika katika mikutano mingi ya Uingereza. Mwaka 1908 Leopold wa Pili alinyang'anywa dola yake, ikawa koloni la Ubelgiji.

Nsala haikabili kamera. Ameketi, mwili wake umegeukia upande, na macho yake yameinama juu ya vile viwili vilivyowekwa mbele yake. Nyuma wako watu wengine. Mtu anayeiona picha hii kwa mara ya kwanza, bila maelezo, huona kwanza mwanamume aliyeketi barazani. Vile vilivyo sakafuni ni vidogo, na si rahisi kuvitambua. Kisha huona kwamba mtu huyo anatazama kitu, naye hutupa jicho kule kule. Hapo ndipo anapotambua.

Kwa hiyo mtazamo wa Nsala si pambo la picha, ni mdomo wake. Kila kitu kingine kingeweza kuelezwa namna nyingine, na watetezi wa Leopold hawakukosa maelezo: viungo vilivyokatwa vilihusishwa na nguruwe mwitu, na magonjwa, na desturi za wenyeji. Ni haki pia kusema kwamba picha ilipangwa. Mahali pa kuketi palichaguliwa na mpiga picha, vile viungo viliwekwa paonekane, na mikutano ya taa ya kumulika ilikuwa kampeni yenye makusudi yake. Lakini hata anayeshuku yote yaliyopangwa hukuta kwamba ushahidi umelala juu ya mstari mmoja usiochorwa, utokao machoni mwa baba na kuishia sakafuni. Mwaka 1905 Mark Twain, katika kitabu chake cha kejeli King Leopold's Soliloquy, alimfanya mfalme aione kamera kuwa shahidi asiyehongeka. Twain alisema kweli kuhusu kisanduku chenyewe. Hakufikiria juu ya yule ambaye angekaa baadaye mbele ya picha iliyokwisha kupigwa.

Neno "kusahihisha"

Programu ya Photoshop iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Kwa muda wa miaka mingi kazi ya macho ndani yake ilikuwa ileile ya kisu na penseli, ila tu hapakuwa na kioo cha kuvunja: fundi alikata macho ya mtu kutoka picha nyingine ya siku hiyohiyo na kuyabandika. Njia hii ilifaa sana katika picha za jamaa, pale ambapo watu kumi wametazama kamera na mtoto mmoja ametazama kuku. Hakuna wa kuilalamikia. Macho ni ya mtoto yuleyule, dakika ileile, na mama mwenyewe ndiye aliyeomba.

Mageuzi yaliletwa na mazungumzo ya video. Kamera hukaa juu ya kioo cha kompyuta, uso wa mwenzako huonekana chini yake. Kila mmoja anamtazama mwenzake, na kila mmoja anamwona mwenzake ameinamisha macho. Mwaka 2002 Milton Chen alionyesha kwamba watu huvumilia zaidi mtazamo ulioshuka chini kidogo kuliko ule uliokwepa kando au juu, lakini uvumilivu huo una mpaka. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilijaribu katika simu zake programu ya kuyainua macho wakati mazungumzo yakiendelea, na watu wakagundua kwamba mkono wa miwani hupinda unapopita mbele ya jicho, kwa kuwa programu haikusogeza mboni peke yake bali ilivuta eneo zima. Wollaston asingeshangaa. Mwaka 2020 Adobe iliingiza katika Photoshop kitelezi, yaani alama inayovutwa kushoto au kulia kwenye kioo, cha kugeuza mtazamo wa mtu katika picha yoyote. Na mwaka 2023 Nvidia ikatoa programu inayomfanya mtu aonekane akitazama kamera hata anaposoma karatasi yake.

Jina ambalo Apple ilikipa chombo chake lilikuwa na neno lenye maana ya kusahihisha. Kitenzi hicho kimebeba hukumu tumboni: hakisahihishwi ila kilichokosewa. Kosa ni lipi basi? Ni kutotazama lenzi. Kanuni hiyo ni ya studio na ya ofisi ya pasipoti, wala haikuandikwa popote kama sheria ya nyuso zote. Katika nyumba nyingi za mashariki ya Kongo kijana anayemkazia mzee macho huonwa mjeuri, na yule anayeinamisha macho huonwa mwenye adabu. Picha yake ikipitishwa chini ya kitelezi, adabu yake husomwa kuwa hitilafu na kuondolewa, naye haulizwi. Inastaajabisha kidogo kwamba Kiswahili kina neno moja, sahihi, kwa kitu kisicho na kosa na kwa alama ambayo mtu huiandika kwa mkono wake mwenyewe na hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwandikia.

Kuna tofauti moja ya utendaji ambayo watunzaji wa nyaraka hawana budi kuijua. Programu za namna ya kwanza, kama ile iliyoitwa DeepWarp mwaka 2016, huvuta na kusogeza chembe za picha zilizomo tayari; zinachokitoa kimetoka kwa mtu yule, hata kikipindishwa. Programu za namna ya pili zimefunzwa kwa wingi wa nyuso za watu wengine, na hulichora jicho upya kwa kufuata zilivyofunzwa. Ya kwanza huacha alama, kama ule mkono wa miwani uliopinda. Ya pili hujitahidi isiache. Nakala ya kompyuta inayoingia hifadhini bila maelezo ya kilichotendwa haiwezi tena kutenganishwa na ile iliyotoka kamerani, na mwanafunzi atakayeifungua baada ya miaka ishirini hatakuwa na kipande cha karatasi cha kufunua kwa kidole.

Katika picha ya Baringa macho ya Nsala yameinama kabisa. Kwake hakuna mboni ya kusogezwa kwa nyuzi 1 wala 10. Programu ya namna ya kwanza ingepapasa humo na kukosa cha kuvuta. Ile ya pili isingekosa. Ingefungua kope, ingechora mboni mbili zenye nukta ya nuru zilizotokana na watu ambao hawakufika Baringa kamwe, na baba angewatazama watazamaji wote chumbani, popote wasimamapo, huku vile viwili vikibaki sakafuni bila anayevitazama.